Mashimo ya Tuiyobei na Barua Zangu Tatu

Siku niliyokabidhi kabati la ofisi, kijana aliyerithi kiti changu alipitia faili moja moja kwa heshima, mpaka alipofika kwenye karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ya rangi ya majani chai yaliyochemshwa mara mbili. Aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza karibu na pua, akapiga chafya. Akaniuliza kama itupwe. Nilimwambia airudishe mahali pake, na kwamba nikipata nafasi nitaandika kwa nini. Sasa nafasi ninayo. Mke wangu ameanza kuniuliza kila asubuhi leo ninakwenda wapi, na kusema kwamba ninaandika ni afadhali kuliko kusema siendi popote.

Naandika kwa ajili yenu nyinyi mliobaki katika ofisi ya viwanja. Habari za kupandishwa cheo na mshahara sitazigusa. Cheo kilikuja polepole na mshahara ulikwenda haraka, na hayo mnayajua hata bila mimi. Nitaeleza mambo ya miaka yangu ya mwanzo, miaka ya hamsini, nilipokuwa sijui kitu na nikiandika barua nyingi sana.

Baba yangu alifika Kericho kutoka Nyeri kabla sijazaliwa, akafungua duka la chumvi, sukari na mafuta ya taa. Mimi nilizaliwa nyuma ya duka hilo, nikasomea shule ya Kabianga, na Kikipsigis changu kilitosha kununua maziwa lakini hakikutosha kubishania bei. Kwa hiyo wazee wa huko waliongea nami Kiswahili, na jina langu, Mwangi, walilisahau siku ile ile wakaniita Karani. Miaka ile ya Hali ya Hatari, Mkikuyu kama mimi alitembea na vipande vya karatasi vingi kuliko ofisi yenyewe. Mfuko wangu wa shati ulikuwa na pasi ya kukaa, pasi ya kusafiri na barua ya kueleza kwa nini nina pasi mbili. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba karatasi inaweza kila kitu.

Siku ya kwanza kazini nilipokelewa na karani mkuu, Mzee Hezroni. Alitoka upande wa ziwa, alikuwa mrefu mno kwa mlango wetu, na soksi zake zilifika magotini na kukaa hapo mpaka saa ya kwenda nyumbani. Alinipa cheni ya kupimia, debe la chokaa, brashi, na baiskeli ya ofisi. Nikamwuliza breki ziko wapi. Akatazama viatu vyangu akasema, "Hizo hapo." Kisha akanieleza kazi. Serikali ilitenga fedha kidogo kila mwaka kwa bustani, viwanja vya wazi na mahali pa kale. Fedha hizo tuliziita voti. Voti isipotumika kabla ya mwaka wa serikali kwisha ilirudi Nairobi, na mwaka uliofuata ilikuja imekonda.

"Na sheria ya ofisi hii ni moja," alisema. "Usiandike barua juu ya kitu ambacho hujakikanyaga kwa mguu wako."

Nilisema ndiyo, mzee, jinsi kijana anavyosema ndiyo akiwa anafikiria chakula cha mchana.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupima kiwanja cha wazi karibu na soko la Merigi. Mwisho wa kiwanja alikuwa amelala fahali, na alikuwa amelala juu ya mpaka. Nilimsubiri mpaka jua likawa kali, nikamwomba kwa lugha zote nilizokuwa nazo, mwishowe nikaamua kupimia pale kichwa chake kilipoanzia. Ramani ya kiwanja kile ilikuwa na kasoro ya urefu wa fahali mmoja kwa miaka mingi, mpaka alipokuja mpimaji mwingine siku ambayo fahali hakuwepo. Baada ya hapo nikapewa kupeleka mabenchi sita kwenye kiwanja kingine, ili wananchi wapumzike. Wiki iliyofuata hakukuwa na benchi hata moja. Niliyakuta kanisani, yamepangwa vizuri, yamejaa watu. Mchungaji aliniambia kwamba waliyaona yamekaa bure kwenye nyasi yakinyeshewa, wakayahurumia. Mzee Hezroni aliandika kwenye faili kwamba mabenchi yanatumika, na kwa kweli yalikuwa yanatumika.

Sasa nifike Tuiyobei. Ule ni uwanja ulio njiani kwenda Bomet, upande mmoja mashamba makubwa ya chai, upande wa pili boma za Wakipsigis. Ng'ombe walipita hapo kwenda kulamba chumvi, akina mama waliuza maziwa na wimbi, vijana walicheza mpira, na wakati wa Krismasi makanisa mawili yasiyopatana yalifanya mikutano yao kila moja kwenye pembe yake. Uwanja haukuwa na mwenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari. Shamba moja la jirani lilikuwa limeomba kupewa uwanja huo lipande miche ya chai. Ombi lenyewe lilikuwa la halali, limeandikwa vizuri, na lilikuja na ramani ya wino wa rangi mbili. Watu wa Tuiyobei hawakuwa na ramani. Walikuwa na mashimo.

Mashimo yalikuwa saba, mapana kama nyumba ya msonge, marefu kwenda chini hadi kifuani mwa mtu, yamepoa na kuota nyasi. Wazee walisema yalichimbwa na Wasirikwa, watu waliokaa nchi ile kabla ya Wakipsigis, na kwamba walikuwa wakifungia ng'ombe humo. Mzee Hezroni alitafuta katika vitabu vya sheria hadi akapata kifungu cha mahali pa kale. Mkaguzi angetoka Nairobi kuja kuyaona mashimo. Akiridhika, voti ingelipia uzio na mlinzi, na uwanja ungebaki wazi kwa watu wote. Asiporidhika, miche ya chai ingekuwa ardhini kabla ya mvua ndefu. Hedimani wa hapo, yaani msaidizi wa chifu, mzee arap Tonui, aliniuliza ng'ombe wake watapita wapi siku hiyo ikifika. Tangu siku hiyo usingizi ulianza kunipungukia.

Mashimo sita yalikuwa katikati ya uwanja. La saba lilikuwa ukingoni kwa chini, nyuma ya nyumba ya ajuza mmoja, Kogo Taprandich. Kogo kwa Kikipsigis ni nyanya, na kila mtu alimwita hivyo, hata watu waliomzidi umri kidogo. Kogo alifungia ndama wake ndani ya shimo lile. Niliona jambo hilo ni balaa: mahali pa kale pa serikali, pamejaa kinyesi. Nikamwandikia barua. Barua ya kwanza ilimtaka aondoe ndama. Ya pili ilimtaka aondoe ndama na pia asawazishe kilima cha samadi kilichokuwa mdomoni mwa shimo. Ya tatu ilimpa siku kumi na nne, la sivyo hatua zitachukuliwa. Hatua gani, hata mimi sikujua. Niliziandika zote kwa Kiingereza kwa sababu nilipojaribu kwa Kiswahili niliona hazitishi vya kutosha.

Tarishi aliniambia kwamba kila mara Kogo alipokea barua kwa mikono miwili na kushukuru. Nikachukulia kwamba ameelewa. Kulikanyaga shimo lile mimi mwenyewe sikuwahi. Kogo alikuwa na kondoo dume asiyependa baiskeli, kwa hiyo nililitazama kutoka barabarani, nikaona migongo ya ndama, nikarudi mezani.

Siku chache kabla ya mkaguzi kuja, nikamwandikia pia hedimani. Hiyo niliiandika kwa Kiswahili, fupi na ya adabu: mkaguzi wa serikali anakuja Jumatano, tafadhali uwanja uwe safi na katika hali nzuri. Niliisoma mara mbili nikaridhika nayo.

Hapa lazima niwaeleze vijana jinsi mambo yalivyokuwa. Wakati ule watu wa kilimo walipita kila shamba wakikagua matuta. Aliyekutwa na korongo ambalo hajaliziba aliitwa barazani na kusimamishwa mbele ya watu, wake zake wakiwa wanamwona. Shimo wazi lilikuwa ni aibu ya mwenye boma. Halafu nusu ya wanaume wa Tuiyobei walikuwa wamefanya kazi kwenye chai, na kwenye chai shamba zuri ni lile ambalo juu yake ni sawasawa kama meza, nyapara anapita na fimbo yake akipima, na tawi lililochomoza linamchukiza kama matusi. Kwa watu hao maneno "safi na katika hali nzuri" yalikuwa na maana moja tu.

Jumatatu nilipanda baiskeli kwenda kuhakikisha. Nilipotoka kwenye kona nikafikiri nimepotea njia. Mbele yangu kulikuwa na uwanja ambao sijawahi kuuona tangu nizaliwe, umenyooka, una nyasi mpya zilizopandwa kwa mistari, na pembeni mawe yamepangwa. Hedimani alikuwa amesimama katikati na koti lake la baraza, akinisubiri.

"Karani, karibu," alisema. "Angalia mwenyewe. Hata ukiweka mpira hapa hautatembea."

"Mzee, mashimo yako wapi?"

"Imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Tulifanya morik siku mbili." Morik ni ile kazi yao ya kusaidiana, boma zote zinatoa mtu na mwenye kazi anatoa chakula. "Kila boma ilitoa mtu, hata kwa arap Koech ambao ni wavivu. Tumejaza shimo yote sita, tumekanyaga na miguu, tumepanda nyasi juu. Na hatutaki pesa ya serikali. Hii ni zawadi."

Nilikalia baiskeli bila kwenda popote. Nikamwambia kwamba mkaguzi anakuja kuyaona mashimo.

"Ndiyo maana tumeziba," alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgonjwa kutembea. "Ataangalia, ataona hakuna hata moja."

Ilinichukua muda kumweleza. Nilieleza mara mbili, na watu wakakusanyika kusikiliza, na kila aliyefika alielezwa na aliyemtangulia, na kila mara habari ilizidi kuwa mbaya. Mwishowe hedimani akavua kofia.

"Ngoja, Karani. Serikali ile inatushtaki kwa sababu ya shimo, ndiyo hii inatoka Nairobi kusalimia shimo?"

"Ni ofisi tofauti, mzee."

"Hizo ofisi zinajuana?"

"Sijui, mzee."

Halafu akaniuliza kama sasa chai itapandwa, na sauti yake haikuwa ya hedimani tena. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe. Nilihisi vibaya kuliko siku yoyote kazini, kwa sababu walikuwa wamefanya kazi ngumu kwa mapenzi, na waliifanya kwa barua yangu. Nikaandika ujumbe kwa Mzee Hezroni, nikampa dereva wa lori la maziwa lililokuwa likienda mjini, nikimwomba ushauri. Jibu lilirudi jioni na lori lile lile. Liliuliza tu: "Ulikwenda kuwaambia kwa mdomo, au uliandika barua?"

Ushauri mwingine haukuja, kwa hiyo Jumanne asubuhi tulianza kuyafukua mashimo. Watu walikuja wote tena, majembe begani, wakicheka, maana mtu aliyejaza shimo Ijumaa na kulifukua Jumanne hana budi kucheka. Shida ya kwanza ilikuwa kwamba walikuwa wamesawazisha vizuri kupita kiasi, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika shimo lilikuwa wapi. Kila mwanamume alisimama mahali pake akaapa ni hapo. Wachezaji wa mpira walisema shimo kubwa lilikuwa nyuma ya goli, wenye ng'ombe wakasema goli lenyewe limehamishwa. Mama mmoja muuza maziwa aliwaonyesha sehemu nyingine kabisa, wakamwambia yeye huuza maziwa akiwa amewapa mgongo. Mwishowe walichimba kwa kura.

Shida ya pili niliigundua saa nne. Mabwana afya walikuwa wamepita mwaka uliotangulia wakifundisha kila boma kuchimba choo, na mafunzo yao yalikuwa yameingia. Mashimo yalikuwa yanakwenda chini na kuta zilizonyooka, pembe nne, kipimo kamili. Nilikimbia kutoka moja hadi jingine nikipiga kelele, "Duara! Yawe ya duara! Na yawe na mteremko!" Arap Koech, yule wa boma la wavivu, alitoa kichwa nje ya shimo lake akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza maishani amechimba kitu kikanyooka, na sasa anaambiwa apinde. Hata hivyo alipinda. Jioni tulikuwa na mashimo sita mapya, mekundu, yanang'aa kama vidonda.

Jumatano tulivaa vizuri tukasubiri. Mkaguzi hakuja. Alikuwa amepitia Narok kwa sababu zake, na gari lake lilikuwa limezama kwenye matope ng'ambo ya Mulot. Ningeshukuru kwa siku hiyo ya ziada, lakini ndiyo iliyotuharibia zaidi. Watu walikuwa wameshakuja na majembe, wamekaa bure, na hedimani alikuwa amefikiri usiku kucha.

"Kama hii ofisi inapenda shimo," alisema, "si tuongeze kidogo?"

Nilikuwa nimekwenda kunywa chai dukani. Niliporudi yalikuwa tisa. Mtu fulani pia alikuwa amepata debe langu la chokaa, na kila shimo lilikuwa na mawe meupe kuzunguka mdomo, kama njia ya kwenda kwa Bwana DC.

Alhamisi mkaguzi akafika, Mzee Hezroni akiwa kiti cha nyuma, magoti karibu na masikio. Mkaguzi alikuwa Mzungu mzee, kofia imemomonyoka ukingo, kaptura ina matope ya Mulot, na mkononi ana mwiko mdogo kama wa fundi wa matofali. Alisalimia watu wote kwa mkono. Kisha akatembea hadi shimo la kwanza, akachuchumaa, akachukua udongo akausugua kwa vidole. Akaenda la pili. Akaenda la tatu, ambalo upande mmoja lilikuwa bado na pembe.

"Hii shimo ni ya zamani?" aliuliza.

Hedimani alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Mzee Hezroni. Mzee Hezroni alitazama juu kama mtu anayetaka kujua kama mvua itanyesha. Nilifungua mdomo, na ninakiri kwenu kwamba sijui ningetoa neno gani. Nilikuwa nimeshaandika kichwani taarifa nzima ya uongo, na ilikuwa na aya tatu.

"Hiyo ni ya juzi," ilisema sauti nyuma yetu.

Alikuwa Kogo Taprandich. Hakuwa amekuja kwenye morik ya kujaza wala ile ya kuchimba, kwa sababu hedimani alimtumia habari kupitia mtoto badala ya kwenda kumwalika mwenyewe, na Kogo hakuwa mtu wa kualikwa na watoto. Siku hiyo alikuja kwa sababu gari limesimama, na gari likisimama watu huenda kuona. Alikuwa na fimbo na ndama mmoja aliyemfuata.

"Hii sita ni ya Jumanne," aliendelea, akionyesha kwa fimbo. "Hii tatu ni ya jana. Ya zamani walijaza. Hawa watu ni wazuri, pwana, lakini wanapenda kazi sana."

"Yote walijaza?" aliuliza mkaguzi.

"Yangu hapana. Yangu iko na ndama."

Akageuka akaenda, na mkaguzi akamfuata, na sisi wote tukamfuata mkaguzi. Kondoo dume alikuwa mlangoni. Alimtazama Mzungu, akampisha, akanitazama mimi, na ikabidi nipite nyuma ya Mzee Hezroni. Hivyo ndivyo nilivyokanyaga kwa mara ya kwanza ndani ya shimo ambalo nilikuwa nimeliandikia barua tatu.

Ndani yake ukutani, kwa upande wa juu, kulikuwa na mawe yaliyopangwa kwa ustadi, yameshikana bila udongo. Mlango ulikuwa upande wa chini, mwembamba, ng'ombe mmoja tu anapita. Mkaguzi alipiga magoti kwenye kinyesi bila kujali kaptura. Alipapasa mawe. Akauliza nani aliyepanga.

"Nilikuta," alisema Kogo. "Mama ya bwana yangu pia alikuta. Jiwe ikianguka tunarudisha, kwa sababu ndama inaweza kuumia."

"Na mavi munatupa wapi?"

"Hapo nje, kwa mlango, upande wa chini. Mvua inasaidia."

Mkaguzi akatoka, akasimama juu ya kilima cha samadi, kile kile nilichoagiza kisawazishwe, akakichimba kidogo na mwiko wake. Alikuta safu juu ya safu, nyeusi, kahawia, nyeusi, na chini kabisa vipande vya chungu ambavyo hata Kogo hakuvijua. Alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwetu, kwamba watu wa kale walifanya hivyo hivyo, walifagia kuelekea chini na kutupa mlangoni. Ameona mashimo mengi nchi hii, alisema, na yote yamekufa. Hili ni la kwanza kuliona likiwa kazini. Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo, au labda ni harufu.

Kogo alifurahi kuona mgeni anapenda zizi lake. Akafungua kitambaa kiunoni, akatoa kifurushi cha ugoro, akamkaribisha. Mkaguzi alichukua, akanusa kama mtu aliyezoea, akapiga chafya mara mbili. Halafu akaitazama karatasi iliyofungia ugoro. Akaikunjua. Ugoro ukamwagika kwenye mkono wake na yeye hakujali, alikuwa anasoma.

Niliijua ile karatasi kwa mbali. Niliijua kwa mihuri miwili, maana mmoja nilihofia hautoshi.

Alisoma yote mpaka kwenye siku kumi na nne na hatua zitakazochukuliwa. Akainua kichwa.

"Karani. Hii sahihi yako?"

"Ndiyo, bwana."

Aliirudia tena kutoka juu. Kisha akaikunja mara nne, polepole, akaniwekea mkononi.

"Wewe naandika barua mzuri sana," alisema. "Bahati mzuri huyu mama hapana soma."

Mzee Hezroni alitoa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo tena, kama kibuyu kinachozibuka. Kisha hedimani akacheka, kisha wote, na waliokuwa mbali walicheka kabla ya kuelezwa. Kogo aliuliza kuna nini. Hedimani akamweleza kwa Kikipsigis, kwa kirefu. Kogo alinitazama, na nilijiandaa kutukanwa.

"Ile karatasi yako ni nzuri, Karani," alisema. "Ni ngumu. Haipitishi maji. Lakini tatu imekwisha. Ingine utaleta lini?"

Nilitaka ardhi inimeze, na mashimo ya kunimeza yalikuwepo tisa.

Mkaguzi aliandika taarifa yake juu ya boneti ya gari. Uwanja wa Tuiyobei ubaki wazi kwa matumizi ya watu wote, ng'ombe wapite kama walivyopita siku zote. Voti ilipie mlinzi wa mahali pa kale, na mlinzi awe Kogo Taprandich. Kogo alikataa kuweka alama ya kidole kwanza, mpaka alipoahidiwa kwamba ndama hawatoki. Mkaguzi akaongeza mstari, akamsomea: ndama wakae. Uzio alisema hauhitajiki, akamtazama kondoo dume akasema mlinzi wa pili tayari yupo. Kuhusu yale tisa, alituambia tuyajaze kabla mtoto hajatumbukia, na watu wa Tuiyobei wakashika majembe kwa mara ya nne katika wiki moja, wakiimba.

Mvua ndefu zilipokuja, udongo ule wa kwanza, uliojaza mashimo ya kale, ulishuka wenyewe. Nilikwenda kwa baiskeli nikayaona mabonde sita mapole yamejitokeza kwenye nyasi, ya duara kamili, na hakuna hata moja lililokuwa mahali tulipochimba kwa kura. Moja lilikuwa pale pale alipoonyesha yule mama wa maziwa. Hedimani aliniambia nisimwambie, lakini mama alikuwa ameshajua, na bei ya maziwa yake ilipanda kidogo mwezi huo.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilipima bustani, nilipanda miti, nilibishana na watu wa fedha juu ya voti kila mwaka kabla haijarudi Nairobi, na soli za viatu niliziua nyingi. Kogo alikuwa mlinzi mpaka alipofariki, kisha binti yake, na sasa ni mjukuu wake, ambaye amesoma na ananiandikia barua nzuri kuliko zangu. Alipokuwa hai nilimpelekea Kogo karatasi za ofisi zilizoharibika kila nilipopita Tuiyobei. Alizichagua kwa kuzipapasa, zile laini akanirudishia. Wakati wa mazishi yake nililia mbele ya watu, na kondoo dume, mjukuu wa yule wa kwanza, aliniacha nipite bila ugomvi.

Karatasi yenyewe imo katika faili ya Tuiyobei, ya mwisho kabisa. Kijana aliyechukua kiti changu ameniambia juzi, kwa heshima, kwamba kuna mtu karibu na Mulot anayefuga mbuzi kwenye mahali pa kale, na kwamba barua ya kumwondoa imeshapigwa chapa, imebaki sahihi. Nimemuuliza kama amekwenda. Amesema ameona kutoka barabarani.

Basi, mwanangu, barua hiyo iache mezani kwanza. Fungua ile faili, toa karatasi yangu, ikunjue, uinuse. Ukimaliza kupiga chafya, chukua baiskeli.